Mdomo wa Watu wa Elburgon

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea dukani sanduku la mbao lililotoka kwenye nyumba iliyoingiliwa na maji kule Kihoto, Naivasha. Mimi huuza vitu vya nyumba vilivyokwisha tumika, hapa Nakuru, na tangu ziwa lianze kuwatembelea watu vyumbani sijakosa kabati zilizovimba wala makochi yanayonuka samaki. "Mathe, hii ni antiki," akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyelijua neno hilo asubuhi hiyo hiyo. Nikamwambia maji hayageuzi kitu kuwa antiki, hukigeuza kuwa kuni. Akafungua kifuniko ili anishawishi. Ndani mlikuwa na brashi zilizokauka, mirija ya rangi iliyokunjwa kuanzia mkiani kama dawa ya meno ya watu wanaoijua shida, na chupa ya tapentaini ya kuyeyushia rangi, iliyokuwa ikivuja.

Sikubishana naye tena. Wanaonijua wakisikia hivyo watauliza kama nilikuwa mgonjwa. Nilimpa alichotaka, nikarudisha mlango nusu, nikaketi kwenye mojawapo ya yale makochi ya samaki. Harufu ile nilikuwa sijakutana nayo tangu utotoni. Kuna harufu zinazomrudisha mtu kwao. Hii ilinirudisha kwenye nyumba ambayo haikuwa kwetu, ingawa kwa wikendi moja nilidhani ni kwetu, na nilikuwa nimehesabu mara mbili.

Kwetu jina la mtoto haliokotwi njiani. Binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, wa pili jina la mama ya mama yake, na mtu akilisikia jina lako anajua umesimama upande gani wa ua. Lakini hayo ni kama baba amefanya yanayotakiwa: amekwenda na wazee kwa wazazi wa msichana, wameketishwa, wamepewa chai, wamesema walichofuata. Asipokwenda, mtoto ni wa kina mama yake, na jina hutoka huko. Baba yangu hakuwa amekwenda. Mama aliniita Wanjeri hata hivyo, jina la mama ya baba, mwanamke aliyekuwa na shamba la mahindi Rongai lililoanza kwenye reli na kuishia mahali ambapo jicho la mtoto halifiki. Alifanya kama mchuuzi anayetandika gunia lake sokoni alfajiri, kabla mwenye nafasi hajaamka. Ukilikuta gunia limetandikwa, kuliondoa ni lazima useme kitu.

Hawakusema kitu. Mama alikuwa binti wa mtu aliyefanya kazi kwenye mashine ya mbao Elburgon, mtu asiye na hata robo eka, na baba alikuwa dereva wa lori lililokwenda kuchukua mbao hizo. Kwa watu wa shamba, hiyo ilikuwa ni habari ya barabarani, na habari za barabarani haziingizwi sebuleni. Shosho Wanjeri, bibi yangu huyo, aliondoka duniani bila kunikubali na bila kunikataa. Mama, aliyekuwa akiuza viazi sokoni, husimulia kwamba mara moja alipita sokoni, akasimama mbele ya viazi vyetu, akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kama anayekagua kabeji. Kisha akanunua debe la viazi, yeye ambaye viazi vilikuwa vikimwozea ghalani, akaenda zake.

Shosho hakupenda kamera. Katika kila picha ya harusi ya ukoo ule utaona kitambaa cha kichwa, bega, na mgongo wa sweta ya kijani. Huyo ndiye yeye. Picha pekee iliyomshika uso ilikuwa ya kitambulisho, nayo ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Sasa mwaka ulikuwa unakaribia kuisha tangu azikwe, ibada ya kumkumbuka ilikuwa njiani, na kwenye sebule ya mawe ya Rongai, nyumba iliyoachwa na mzungu, palikuwa na ukuta mtupu juu ya mahali pa moto. Dada mkubwa wa baba, ambaye wote walimwita Tata Wairimu, alikuwa amempata mchoraji anayepamba kuta za mahoteli Naivasha. Mchoraji alikitazama kitambulisho akasema hawezi kuchora giza. Apewe uso ulio hai, unaofanana, naye atauzeesha.

Wajukuu walioitwa Wanjeri hawakukosekana, kila kaka wa baba alikuwa na wake. Lakini kila mmoja alikuwa amechukua uso wa mama yake. Uso wa Shosho ulikuwa umehamia sokoni Nakuru, unakaa juu ya gunia la viazi, una kamasi.

Tata Wairimu alikuja na viatu ambavyo havikustahili matope yetu. Siku zote, walipokutana, alikuwa akimwita Mama "wewe". Kumwita Mama Wanjeri kungekuwa kukubali. Siku hiyo alisema, "Mama Wanjeri, habari ya kazi?" na Mama akaacha kupanga viazi.

Alieleza shida yake. Mama alisikiliza kwa ule uso anaousikilizia bei, uso wa mtu anayewaza kama amezima jiko. Akasema mtoto si kiti cha matanga, cha kuazimwa na kurudishwa. Tata akasema ni wikendi moja tu, na mtoto atakula vizuri, atacheza na wenzake, kuna mto, kuna hewa. Mama akasema hata hapa hewa iko.

"Uso ni wenu?" Mama akauliza mwishowe.

"Si unaona mwenyewe."

"Basi na mwenye uso ni wenu. Wazee waje kwetu Elburgon."

Tata alitazama upande wa magari, kisha akatazama viatu vyake. "Tumalize kwanza haya ya mama. Watakuja."

"Umesema?"

"Nimesema."

Mama yangu hakuwahi kumwachia mtu hata kiazi kimoja bila kushika kitu mkononi. Aliwanyima polisi, aliwanyima watu wa kanisa. Siku hiyo aliuza kwa neno. Nimefanya biashara miaka mingi na bado nikifikiria mauzo yale natamani kumshika mkono. Lakini najua ni kwa nini. Kuna kitu ambacho mtu akikitamani muda mrefu sana, anayekuja kukitaja kwanza hupata bei anayotaka.

Ijumaa aliniosha hadi ngozi ikalia. Akanipigia gauni pasi, akanisuka, na akiwa amekishikilia kichwa changu katikati ya magoti yake akanipa maagizo. "Usitingishike. Mchoraji akisema geuka, geuka. Akisema kaa, kaa. Ukikaa vizuri wazee watakuja kwetu, na baba yako atakuwa baba wa nyumba."

Hesabu ya mtoto haina kona. Nilielewa kwamba wazee walikuwa tayari, wameketi mahali fulani ndani ya gari linalonguruma, na mchoraji ndiye angewapa ishara. Nikitingishika, gari linazimwa. Nikikaa, linakuja. Nililala usiku huo chali, mikono ubavuni, nikifanya mazoezi.

Baba alikuja kunichukua na pikapu. Nilimjua kama mtu wa mara moja moja, aliyefika na mkate na sukari na kuketi karibu na mlango. Siku hiyo alinifungulia mlango wa mbele mwenyewe. Tulipopita Menengai akanitazama akasema, "Maitu, umeshiba?" Maitu ni mama kwa Kikuyu. Mwanamume wa kwetu humwita hivyo binti aliyepewa jina la mama yake. Ni mzaha na ni heshima, na humwita hivyo mbele za watu ili watu wajue. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Nilisema nimeshiba, ingawa sikuwa nimeshiba, kwa sababu nilitaka kujibu haraka kabla hajabadilisha maneno.

Na wikendi ile, wacha niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Ingekuwa mbaya ningekwisha kuisahau, kama nilivyosahau nyingine nyingi.

Nyumba ilizungukwa na miti ya sipresi iliyokatwa ikawa ukuta, na asubuhi umande uliifanya inukie kama sanduku jipya. Wake za baba zangu wadogo walinipokea kwa chapati iliyotoka motoni. Walinivisha kitambaa cha Shosho kichwani na sweta yake ya kijani, mikono imekunjwa na kukunjwa tena. Sweta ilinuka moshi, tumbako, na kitu kitamu nisichokijua. Kila aliyepita alisimama kunitazama. Mwanamke mmoja alifunika mdomo kwa khanga akarudi jikoni. Nilikuwa sijawahi kutazamwa hivyo. Sokoni watu hutazama mizani.

Mchoraji aliitwa Barasa, mtu mrefu mwenye ndevu zilizoingia rangi, na kwa ajili yake nyumba nzima ilikuwa ikizungumza Kiswahili. Tata alimwita fundi. Yeye hakulalamika, lakini kila akiitwa hivyo alisafisha brashi ambayo ilikuwa safi. Aliniketisha kwenye veranda, akauinua uso wangu kwa kidole kimoja kuelekea kwenye mwanga, akachuchumaa tukawa macho kwa macho.

"Niaje, mrembo? Leo mimi na wewe tuko kazini," alisema. "Mimi nikichoka nitapumzika. Wewe ukichoka utaniambia."

Sikumwambia. Mguu ulikufa ganzi ukafufuka ukafa tena. Wale binamu walikuja mbele yangu wakapiga sarakasi ili nicheke, na Shiku, aliyekuwa wa umri wangu, akawaambia wenzake, "Wacheni, hii imekwisha kufa." Nikavumilia. Halafu nzi alitua juu ya mdomo wangu wa juu. Alitembea hadi kwenye kona, akanawa mikono, akarudi. Nilihisi kila mguu wake. Niliwaza lile gari la wazee na injini yake. Mwisho mdomo wenyewe, bila idhini yangu, ukacheza kidogo, nzi akaruka. Nikamtazama Barasa. Alikuwa anachanganya rangi, hakuonekana kujali. Nikashukuru Mungu.

"Huyu mtoto ni jiwe," alimwambia baba. "Nimechora maaskofu wanaotapatapa kuliko huyu."

Baba alicheka, akaniwekea mkono begani. Mkono ulikaa hapo. Ulikuwa mzito, na niliuacha ukae, nikijaribu kutopumua sana usije ukaona umekosea mahali.

Baada ya chakula Barasa alitupeleka watoto wote mtoni, kila mmoja na karatasi na kipande cha mkaa. Mto wenyewe haukuwa mkubwa, lakini kandokando yake palikuwa na migunga yenye gome la manjano, na wale ndege wa mdomo mrefu wanaolia kama gurudumu la wilbaro lisilotiwa grisi. Alituuliza kivuli ni rangi gani. Tukasema kwa pamoja, cheusi. Akasema tuangalie tena, hana haraka. Tuliangalia. Shiku akasema ni cheusi na akaenda kutafuta vyura. Mimi nilibaki, kwa sababu nilikuwa nimezoea kukaa. Na polepole, chini ya mgunga, juu ya ule udongo wa Rongai ulio kama unga, kivuli kikaanza kuwa buluu, halafu zambarau, halafu pale kilipogusana na jua kikawa na ukingo kama wa chungwa.

"Kiko na rangi nyingi," nilimwambia.

"Ee. Watu wengi wanakufa kabla hawajaona hiyo," alisema, akanichongea ncha ya mkaa kwa wembe akanirudishia. Halafu akanitazama kwa ule mtazamo wake wa kazi, jicho moja limefungwa. "Mdomo wako unanisumbua. Macho nimemaliza, paji nimemaliza. Mdomo ni kama unataka kusema kitu na unangoja zamu. Huo nitauweka kesho, nikiwa na nguvu."

Sijui kama kuna mtu ameshawahi kusifiwa mdomo na kuliamini hilo kama nilivyoamini. Nilirudi nyumbani nikiubeba mbele yangu kama yai.

Jioni walichoma mbuzi. Wakubwa walimsimulia Barasa hadithi za Shosho, namna alivyomfukuza karani wa ushuru kwa mwiko, namna alivyolala ghalani msimu wa mavuno akiyalinda mahindi dhidi ya wanawe mwenyewe. Baba alinimenyea kiazi kilichochomwa kwenye majivu, akakipuliza, akanipa. Nilihesabu watoto waliokuwa pale. Mara ya kwanza sikujitia. Nikarudia, nikajitia, na hesabu ya pili ndiyo iliyokaa vizuri.

Jumapili hawakwenda kanisani. Tata aliomba pale pale veranda, maombi marefu yaliyotaja rangi na brashi, na Barasa akasema amina akiwa amekwisha kuanza. Turubai la picha lilikuwa limenipa mgongo siku zote mbili, hivyo sikuwa nimeona kitu. Niliona tu uso wake akinichora, na nilijua zamu ya mdomo ilipofika kwa sababu alianza kuimba chini kwa chini.

Alipomaliza waliitwa wote. Nikaruhusiwa nami kuzunguka nikaona.

Alikuwa mwanamke mzee, na alikuwa mimi. Macho yangu yalikuwa yamezama ndani ya ngozi ya mtu mwingine. Paji langu lilikuwa na mistari kama ya shamba lililolimwa. Na mdomo ulikuwa wangu kabisa, mdomo wa juu umejiinua kidogo, unangoja zamu yake. Wanawake walianza kulia. Baba alivua kofia. Akasema "Maitu", lakini hakunitazama, na sauti ilikuwa ndogo kuliko yangu.

Sikuumia. Kuzeeshwa hakukunisumbua. Nilikuwa nimemaliza kazi, na nilikuwa naisikiliza barabara ya shamba.

Tata Wairimu ndiye hakulia. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena, kama mama yangu mbele ya debe lililopigwa chini likabonyea. Kisha akaongea Kikuyu na dada zake, lugha ambayo Barasa hakuisikia na mimi niliisikia. "Mdomo huo si wetu," alisema. "Huo ni mdomo wa watu wa Elburgon. Ukiuacha hapo, kila mgeni atamwona yule mama wa viazi amekaa sebuleni."

Mmoja wao alicheka, kidogo tu, kama mtu anayekohoa kanisani. Tata akamgeukia Barasa, akarudi kwenye Kiswahili. "Fundi, mdomo haujakaa. Toa huo, uweke kama wangu. Mimi ndiye nilifanana naye hapo."

"Mathe, mdomo ndio unashika uso wote," Barasa alisema. "Nikiutoa, hata macho yatahama."

"Rangi ni mbichi ama imekauka?"

"Ni mbichi."

"Basi."

Barasa alinitazama. Nimeufikiria mtazamo ule mara nyingi kuliko ninavyopenda. Haukuwa wa mtu mbaya. Ulikuwa wa mtu anayejua bei ya mafuta ya kurudi Naivasha, na mimi siku hizi nikiwa dukani huutumia mwenyewe. Kisha akachukua kile kisu chembamba cha rangi, akakiweka kwenye kona ya mdomo, akakwangua. Ulitoka kwa vipande viwili. Akaupangusia kwenye gazeti. Akalowesha kitambaa kwa tapentaini, akafuta kilichobaki, akafuta tena, na hapo ndipo harufu ile iliponiingia. Shosho alibaki na macho yangu na paji langu na chini yake pamekuwa pa kijivu, patupu. Nilijishika mdomo. Ulikuwapo.

Maneno ya Tata nilikuwa nimeyasikia yote. Lakini mtoto akipewa sababu mbili, moja asiyoweza kuirekebisha na nyingine anayoweza, huchukua anayoweza. Mimi nilikumbuka nzi. Nikajua mdomo ulikuwa umeharibika pale ulipocheza, Barasa aliona akanyamaza kwa huruma, na sasa siri imetoka. Nikamwendea Tata, nikavuta upindo wa gauni lake.

"Tata, ilikuwa ni nzi. Nikae tena. Sasa sitautingisha."

Aliniangalia kama mtu aliyeongeleshwa na kiti. Halafu, nadhani, alielewa, na nadhani kwa dakika ile hakufurahi. Akanivua kitambaa cha kichwa taratibu, akanivua na sweta. "Wewe umemaliza," alisema. "Enda ukacheze." Akaketi kwenye kiti changu, akainua kidevu kuelekea kwenye mwanga.

Nilimtafuta baba. Alikuwa anakagua matairi ya pikapu, na matairi hayakuwa na neno. Nilimuuliza wazee watakuja lini.

"Wazee gani?"

Nikamweleza: wale wa kwenda Elburgon, kwa wazazi wa Mama. Nikamweleza kwamba Tata alikuwa amesema. Nilieleza polepole, kwa mpango, kwa kuwa nilidhani amesahau, na mtu aliyesahau husaidiwa kwa mpango. Alisikiliza hadi mwisho. Aliangalia kule veranda, dada yake alikokuwa ameketi uso umekazwa, na nikaona kwamba hakuwa amesahau. Hakuwa ameambiwa. Na nikaona vilevile, ingawa maneno ya hili niliyapata nikiwa mkubwa, kwamba sasa alikuwa ameambiwa, na hakuna kitu kilichobadilika usoni mwake isipokuwa aibu iliyoingia.

"Hayo tutaona," alisema. Hakuniita Maitu. Hakuniita jina lolote.

Kurudi, Tata aliketi mbele. Mimi nilipanda nyuma, nikaegemea gunia la mahindi na mguu wa mbuzi uliofungwa kwenye gazeti. Upepo ulikuwa mkali na vumbi la Rongai lilitufuata hadi lami.

Mama alikuwa nje ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga kabla gari halijasimama. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Nyuma yake mlango wetu ulikuwa wazi, na niliona amefua mapazia na kuazima viti kwa jirani. Nafikiri naye alikuwa na lile gari la wazee kichwani, linanguruma. Baba alishusha gunia na nyama, akaviweka miguuni pake. "Ni za mtoto," alisema.

Mama alilitazama gunia. Alilizunguka. Watu hudhani mchuuzi hufurahia mzigo wa bure, lakini mchuuzi ndiye anayejua kwamba hakuna mzigo wa bure. Mtoto halipwi kwa kulala kwao. Anayelipwa ni mtu wa nje, na akishalipwa mambo yamekwisha. Akaenda hadi dirisha la gari, upande wa Tata.

"Na wazee?"

Tata alisema haya ya mama bado hayajaisha.

"Yataisha lini?"

"Wewe," Tata alisema, "usinisumbue barabarani." Akapandisha kioo. Baba alikuwa amekwisha kuwasha gari.

Ndani Mama alinifungulia nywele, akanitaka nieleze kila kitu tangu mwanzo. Nilieleza chapati, kivuli, mbuzi. Nilipofika kwenye mdomo nilitaka kuruka, lakini alisikia pengo. Nikamwambia. Nikamrudishia maneno ya Tata kama yalivyokuwa, kwa Kikuyu chake. Aliuliza kitu kimoja tu, waliufuta kwa kitu gani. Nikasema kwa kisu, halafu kwa kitambaa. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei na kuiona ni ile ile aliyoiogopa. Akaweka kidole gumba juu ya mdomo wangu, akakipitisha kona hadi kona, mkono ukinuka udongo wa viazi.

"Huu ni wa mama yangu," alisema. "Walijua kuuona."

Nyama tuliila, sisi si watu wa kutupa nyama. Picha, nasikia, ilitundikwa, na ingali pale. Wanaofika kwenye sebule ile husema Shosho amechorwa vizuri sana, ila anaonekana kama anayemeza maneno ya mtu mwingine. Mimi sijaenda kuiona, na baba hakufika kwetu tena, hata na mkate.

Kesho yake, Jumatatu, nilikuwa kwenye foleni ya maji, penye mfereji katikati ya ploti, mtungi miguuni, wanawake wa vyumba vyote wakiwa pale na habari zao. Mama alitokea mlangoni. Hakushuka ngazi. Alijaza kifua pumzi kama siku ya soko, siku anayotaka hadi watu wa upande wa pili wa barabara wasikie anachouza.

"Wangeci!"

Niligeuka kuona ni nani. Wangeci niliyemjua alikuwa mmoja tu, mama ya Mama, na yeye alikuwa Elburgon, na miguu haikumruhusu kusafiri. Wanawake nao waligeuka. Mmoja akauliza, Wangeci ni nani hapa? Mama hakuwaangalia. Alikuwa ananitazama mimi, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, na nikaona jinsi alivyoishika.

Akaita mara ya pili. Nikaitika.